Hili Si Zoezi

Saa nane usiku, Batangas.
Rosauro ateremsha utepe ndani ya tangi,
aupandisha, aufuta kwa gunia, asoma:
sentimita arobaini. Nusu yake tope.

Dhoruba imefunga njia ya meli,
na jenereta ya wodi ya wazazi kule Romblon
hainywi ahadi.

Kila Mei humpigia Wanida, Sriracha, kwa majaribio:
"Tumeishiwa."
"Mapipa mangapi?"
Hutaja idadi yoyote ile. Wanida huandika, hutania:
kukopa harusi, bwana!
Wakacheka, wakarudi kulala.

Leo koo limemkauka.
"Wanida, hili si zoezi."

Kimya.
Kisha, kutoka ng'ambo ya bahari,
zipu ya koti,
funguo,
na mwanamke akigonga mlango wa nahodha,
akimwita kwa jina la utotoni.