Kiraka cha Gazeti

Kibanda changu kiko Gerezani, nyuma ya wauza nati,
mlango wa buluu, bango la brashi:
STUMAI FUNDI. REDIO, FENI, SPIKA ZA HARUSI NA MATANGA.

Jumanne Mzee Chaurembo alileta spika yake
imeviringishwa khanga kama mtoto wa kupeleka kliniki.
Inakwaruza, alisema.
Alisema kwa sauti ya chini, akitazama nje,
kama mtu anayetaja ugonjwa wa aibu.

Miaka arobaini na moja anapiga solo.
Kila noti anaitoa imenawa uso,
imechana nywele, imechomekea shati.
Dansi ni adabu, mwanangu.
Watu wanakuja na wake zao.

Alhamisi akaja Gasto, mtoto wa dada yake,
fulana nyeusi ya fuvu, joto la Desemba linamchuruzika,
mkononi kopo la maziwa ya unga,
na ndani ya kopo transista mbili
alizozing'oa kwenye redio ya mjomba asiyejua mpaka leo.
Fundi, nataka gitaa likorome.
Likorome vipi?
Kama lori linalopanda Kimara kwa gia ya kwanza,
limebeba saruji,
na dereva ameachwa na mkewe.
Hiyo ndiyo roki.

Sasa nisikilizeni.
Gitaa lenyewe ni moja. Sisemi kwa mafumbo.
Ni moja kweli, jekundu, shingo imeungwa kwa msumari,
wanaazimana, huyu mchana, yule usiku.
Mmoja ananilipa nizibe tundu,
mwingine ananilipa nitoboe.
Na ukitaka ukweli wote,
hakuna aliyekuwa amenilipa.

Kwa hiyo Jumamosi nikaenda Tandika kudai.
Mpiga rithimu alikuwa kalazwa, malaria,
Gasto amekaa kwenye kiti chake,
kaazima gitaa la watu na shati jeupe la mjomba,
mikono imemzidi, fuvu linachungulia kifuani.

Wimbo ulianza taratibu, wa mke anayemwomba wifi radhi,
tarumbeta mbili zikijibizana kama majirani
walionuniana juu ya ukuta.
Viatu vikaburuzwa sakafuni.
Nikaagiza soda. Nikahesabu deni.
Halafu chemko.

Dramu ikakaza, tumba ikadakia,
mzee akainama kwenye nyuzi za chini,
na kile kiraka changu,
gazeti la wiki iliyopita na gundi ya viatu,
kikaachia.

Lahaula! Sauti ilitoka imeota miba.
Mzee akafumba macho.
Mimi nikahamia nyuma ya kreti za bia.

Mbele kabisa alikuwa Zaituni, muuza supu,
mwanamke mzito, mchezaji mwepesi.
Kiuno chake kilisita nusu pigo.
Nusu tu.
Kisha kikashuka chini kuliko mwanzo,
kana kwamba ile mikwaruzo ilikuwa ngazi
naye kwa muda mrefu alikuwa anaitafuta.

Gasto hakucheka.
Alimfuata mjomba chini kwa chini,
duru lile lile, lile lile, lile lile,
analoliita roki akiwa chumbani kwake,
analoliita mzee chemko,
na mguu wangu, huku nyuma ya kreti,
haukuuliza linaitwaje.

Dakika tisa. Kumi.
Mwenye baa alionyesha saa, hakuna aliyemtazama.
Mzee alikuwa amefumbua jicho moja,
analielekeza kwenye spika
kama mtu anayemsikiliza mgeni mwenye lafudhi ya kwao.

Walipomaliza alinifuata, shati limelowa, anahema.
Stumai, umeniharibia.
Nikakubali.
Akanywa soda yangu yote.
Akafuta mdomo, akachungulia kama Gasto yuko karibu.
Lile gazeti, akauliza, lilikuwa gazeti gani?
La michezo, mzee. Ukurasa wa kati.

Akaazima kalamu ya mhudumu,
akaandika kiganjani.