Mwezi wa Popelini

Mzee Vrajlal alipima kwa fimbo ya chuma,
ile ile aliyonipimia gauni la kipaimara.
Yadi hamsini na mbili, rangi ya zafarani.
Meza haikutosha. Tukaipitisha bendera mlangoni,
ikashuka ngazi, ikalala kibarazani
mpaka kwa muuza betri,
na wapita njia wakairuka kwa adabu
kama mkeka wenye mtoto.

"Inakwenda wapi, Nsia?"
Dwarka, nikajibu, kana kwamba nimefika.
Mji wa Krishna, nchi inapoishia na maji kuanza.
Mzee naye hakuwahi kufika.
Alizaliwa hapa Moshi, chumba cha nyuma ya duka,
na kila mwaka safari ilimezwa na kitu:
ada ya Dipak,
mwaka ule majora yalipozikwa shambani kwa kuogopa msako,
goti la Muktaben,
kisha jicho lake mwenyewe,
ambalo sasa limeingia ukungu kama Kibo saa nne.

Jua alilishona yeye, kwa kupapasa.
Halafu akanisukumia mkasi: mwezi ni wako.
Kitambaa cheupe hakikuwapo, ila popelini
iliyobaki kwenye mashati ya shule.
Nikaukata humo.
Umeme ukakatika; nikamalizia kwa mkono, dirishani.
Mchungaji sikumwambia. Wala hakuniuliza.

Wakaondoka sita, mabegi tisa.
Muktaben alifunga chapati za uwatu na achari
kama mtu anayekwenda kwenye njaa.
Mimi nikaachiwa funguo, na taa ndogo ya samli
niiwashe jioni mbele ya picha.
"Usiombe kitu. Washa tu."
Nikawasha tu.
(Usiku mmoja niliomba. Mwanangu alikuwa na homa.)

Hetal alipiga simu ya picha:
ngazi, ngazi, ng'ombe, mnara, ngazi,
kisha uso wa babu yake umeganda, mdomo wazi.
Langoni waliambiwa, kwa upole,
kwamba bendera ina mafundi wake na ina zamu yake,
na zamu imejaa.
Hetal alitaka ugomvi. Dipak alitoa pochi.
Mzee akasema, kwa Kiswahili, mbele ya makuhani,
"Acheni. Hata mimi sipokei nguo
iliyokatwa kwa fundi mwingine."

Akashuka zile ngazi hamsini na sita,
bendera begani, mkono kwenye bega la mjukuu,
hadi pale mto unapojitia baharini.
Wakaikunjua majini, kila mmoja na pindo lake,
hata Muktaben, na goti lake.
Yadi hamsini na mbili, na bahari
haikuhitaji kusogeza meza.

Walirudi Jumanne, mvua ya rasharasha.
Nilidhani nitamkuta na huzuni. Alikuwa na njaa.
Alikula ndizi zangu sahani mbili
ndipo akafungua begi.

Tukaianika uani, kamba hadi kamba.
Jua lake lilikuwa limenyooka vilevile.
Mwezi wangu ulikuwa umejikunja, umesinyaa,
kama uso wa bibi anayecheka.
Akaupitisha kidole gumba pembeni.

"Hukuiloweka kwanza."

"Sikujua itaingia baharini, Mzee."

"Popelini, Nsia. Miaka ishirini na sita nakwambia."

Tena akacheka, akacheka mpaka akatafuta kigoda.

Alipoingia ndani nikaishika ile pembe,
nikatazama huku na huku,
nikaulamba mshono.
Mimi bahari sijaiona. Tanga nilipanga, nikaahirisha.
Chumvi, ndiyo, na kitu kingine nyuma yake,
labda uzi, labda samli.

Asubuhi akaja mama na kijana wake,
kaptula mbili, shati moja, afungue shule.
Mzee akaivuta fimbo ya chuma, akapiga magoti,
akanyamaza kidogo usawa wa kiuno cha yule mtoto,
kisha akanisomea namba
na mimi nikaandika.