Daftari la Mfongo

Ndewirwa kashuka jana kutoka mlimani,
mgongo bado una umbo la mizigo ya wageni.
Kavua buti mlangoni, kasema:
theluji imesogea tena,
pale tulipokuwa tukiikanyaga sasa ni changarawe.
Katoa simu, picha zikazunguka mezani,
mama akaguna kama asikiaye msiba wa mtaa wa pili.

Mimi sikuguna.
Mimi ni karani wa mfongo, huku Uru, mwaka wa kumi na moja,
na kaunta buku yangu haina safu ya theluji.
Ina jina, siku, saa,
na safu ya mwisho, nyembamba, niliyoichora mwenyewe kwa rula:
maji yameishia wapi.

Nilipokabidhiwa, Mangowi alipewa asubuhi nzima.
Maji yalinywesha migomba yake, yakavuka njia ya kanisani,
yakamkuta hata Ndeshukurwa, nyumba ya mwisho,
ambaye wala hakuwa ameomba.
Sasa Mangowi ana saa mbili, tena usiku wa manane,
anayasindikiza kwa jembe na tochi
kama mgonjwa anayepelekwa hospitali,
nami naandika: yameishia kwenye mringaringa.
Septemba hii, mara mbili: hayakutoka.

Barafu ikiisha ndio mwisho wetu, anasema kaka.

Kaa, Ndewirwa. Kunywa kwanza.
Umepita msituni mara ngapi, mzigo kichwani,
macho kwenye visigino vya aliyekutangulia?
Hukutazama juu.
Huko juu matawi yana ndevu.
Ukungu ukipita, ndevu zinauchana:
tone,
halafu tone,
juu ya jani lililooza,
lililotobolewa na mdudu
aliyeliwa na ndege
aliyeangusha mbegu
ya mti wenye ndevu.
Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuja kwenye kikao cha kamati,
na hakuna aliyewahi kukosa zamu.

Moto ule wa Oktoba, uliousimulia wewe mwenyewe,
kwamba kutoka kambini usiku ulipendeza kama taa za mji,
ulikuwa unakula ndevu.
Mimi nilikuwa huku chini na kalamu.
Sikuuona moshi.
Niliuona mwaka uliofuata, kwenye safu ya mwisho.

Na ruhuka je? Zamani tulimsikia tu,
mdudu wa mashamba ya chini, kule kwenye joto.
Mwaka huu ametoboa buni za Aikande, ukingoni mwa msitu.
Hakuja kwa ubaya.
Joto limepanda mlima, naye kalifuata,
kama wewe unavyomfuata mgeni mwenye bahasha.
Swali ni moja tu, kwake na kwetu:
mlima ukiisha, mtu anapanda wapi?

Usinitazame hivyo. Najua.
Miringaringa mitatu nyuma ya zizi
iliondoka mwaka nilioingia chuo.
Mbao zilikuwa nyekundu ndani, kama nyama.
Ada ikalipwa, risiti ninayo,
na kahawa iliyokuwa chini yake ikabaki utosi wazi juani,
na wale ndege wadogo waliokuwa wakiokota wadudu asubuhi
hawakuaga.
Hilo nalo nimeliandika. Si kwenye safu,
pembeni, kwa penseli.

Mama kalala. Saa nane kasorobo.
Leo zamu ni yetu.
Chukua jembe, kaka, miguu yako ingali na nguvu,
nenda hadi kwenye banio, toa majani, usiyatupe mbali,
yaweke kwenye shina la mgomba, yana kazi.
Kisha rudi nayo polepole, ukiyaelekeza.

Kaondoka. Tochi yake inapotea na kurudi kati ya migomba.
Nimefungua ukurasa. Jina: letu. Siku: leo. Saa: nane.
Mbwa wa Mangowi amebweka mara moja, akanyamaza.
Kuna sauti. Labda ni upepo kwenye majani makavu,
labda sivyo.
Kalamu nimeishika juu ya safu ya mwisho.