Mwanga Usio na Mwenyewe

Mchana nachonga meno ya watu.
Katika kliniki ya Daktari Nagakura, mjini Kushiro,
mataya ya plasta yananikenulia mezani
nami nayatia rangi: umanjano kidogo kwa mvutaji,
ufa mwembamba kwa yule aliyeomba jino lisionekane jipya.
Kudanganya kwa upole nimekusomea.

Usiku nabeba kamera.
Niliinunua kwa mtu aliyehamia Sapporo;
kitufe chake kimoja hakibonyezeki
mpaka ukibembeleze kwa ukucha.
Sina jina, sina mteja. Mume wangu Shigeki
huuliza tu, "Leo umeleta nini?"
kana kwamba natoka sokoni.

Mwezi wa pili, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
nilisimama kichochoroni nyuma ya ghala la karatasi.
Theluji ilikuwa haijakanyagwa
ila na paka mmoja, aliyepita kisha akabadili nia.
Nikatega stendi, nikabana pumzi isigande kwenye lenzi,
sekunde nane nikaiacha kamera inywe.
Kila kitu kilikaa sawa
isipokuwa ile mashine ya vinywaji pembeni,
nyekundu, kibandiko chake kimechanika,
imesimama kama mgeni aliyekuja harusini na ndala.

Nyumbani nikaiondoa.
Niliikuza picha hadi theluji ikawa vigae vya kijivu,
nikachota weupe wa hapa nikaupaka pale,
tofali kwa tofali, punje kwa punje,
kipanya kikilia kama mtu amenyaye karanga gizani.
Kufika saa nane za usiku mashine haikuwepo.
Hata wewe ungeapa haijawahi kuwepo.

Ila mwanga wake ulibaki.
Sikuwa na moyo wa kuufuta:
wekundu uliotambaa juu ya theluji, ukapanda ukuta,
ukaishia kwenye nyayo za paka.
Nikauongeza. Nikaupunguza. Nikauongeza tena.
Tendua. Tendua.
Hifadhi.

Mwezi wa nne chama chetu hutundika picha ukumbi wa mtaa.
Bwana Hatakeyama, mstaafu wa reli, asiyepiga ila korongo,
alikaza macho: "Mwanga huu unatoka wapi?"
"Sijui," nikasema, na jibu likapendwa.
Mmoja akasema ni huzuni.
Mwingine akasema ni jua lililokataa kuchwa.
Nikatabasamu, kwa meno yangu mwenyewe.

Kisha akaja mama mmoja, aproni ya kazi, funguo kiunoni,
jina limeshonwa kifuani: Kunie.
Hakurudi nyuma kama wengine ili aitazame vizuri;
alisogea hadi pumzi yake ikafifisha kioo.
"Hapa," akagusa pale nilipopaka saa nne mfululizo,
"hapa ndipo ilipo mashine yangu. Naijaza Jumanne na Ijumaa.
Chai ya maziwa ndiyo huisha kwanza.
Wekundu huu ni wa taa ya chini, niliibadilisha mwenyewe,
nimepiga magoti kwenye barafu.
Sasa imekwenda wapi?"

Safari hii sikuwa na jibu la kupendwa.

Usiku ule nikafukua tabaka za chini, nikaikuta picha mbichi,
nikafuta ufutaji.
Mashine ikarudi na ndala zake.
Na ajabu ni kwamba kichochoro kilipata joto,
kama chumba ambamo mtu amewasha jiko na kutoka kidogo.

Ijumaa nikampelekea ndani ya bahasha.
Mashine ilikuwa wazi, tumbo limejaa makopo;
akajipangusa mikono kwanza, akaishika kwa ncha za vidole,
akaitazama mpaka nikaanza kuhesabu miguu yangu.
"Ndiyo hii," akasema. "Ndiyo hii kabisa."
Akanipa kopo la kahawa, la moto, halikamatiki.
Halafu, kwa sauti ya chini, kama wagonjwa wetu
wanapofunika mdomo kwa kiganja:
"Hicho kibandiko kilichochanika...
huwezi kukiondoa?"