Miguu Minne na Njia

Nimeweka karatasi mezani, naandika:
Mbwa dume, mwaka mmoja na miezi minne,
mweusi, kifua cheupe, jicho moja la buluu.
Nafuta. Hilo si tangazo, ni picha ya pasipoti.
Naandika tena: Ametafuna viatu vitatu
(cha nne alikificha, sijakiona hadi leo),
kona ya kabati, plasta ya ukuta,
na barua ya benki, ambayo sikuilalamikia.

Jina lake Brin. Mwanangu Tilen ndiye aliyemleta
ndani ya begi la mgongoni, kichwa nje
kama kitabu kisichoenea.
Kisha Tilen akapata kazi Graz, akaniachia kamba,
bakuli la bati, na maneno: "Mama, miezi miwili tu."
Miezi miwili imezaa, sasa ina wajukuu.

Ghorofa ya nne, mtaa wa Šiška, chumba na nusu.
Goti langu la kulia lina chuma ndani yake.
Saa kumi na moja alfajiri ananisimamia kitandani,
habweki, halambi, ananitazama tu
kama mdai mwenye adabu.
Tunashuka. Ngazi sitini na nne: mimi nazihesabu, yeye anaziruka.
Bustanini anakusanya watoto wa watu,
anawazunguka ameinama, mpaka wawe fungu moja kando ya bembea,
halafu ananigeukia: Haya, hesabu, wametimia.
Mama mmoja aliwapigia polisi simu.
Hedvika wa chini anasema dari yake hutetemeka usiku.
Kuna watu huitwa kiguu na njia.
Huyu miguu anayo minne, na njia hana.

Walikuja watu.
Mume na mke wenye makoti ya rangi moja
waliuliza kama anaweza kukaa peke yake saa tisa mfululizo.
Niliwapa kahawa, nikawasindikiza.
Kijana mmoja, saa yake ya mkononi huhesabu hatua,
alikimbia naye kutwa kando ya mto Sava, akamrudisha jioni
akichechemea. Kijana, si mbwa.
Wa tatu alitaka mlinzi wa kufunga mnyororo kiwandani.
Huyo hata kahawa hakupata.

Ndipo akapiga simu mwanamke, sauti kavu, upepo nyuma yake.
Neža. Ana ng'ombe thelathini na mmoja, milimani juu ya Kamnik,
na mbwa mzee aliyekuwa kiziwi, anachunga kwa kumbukumbu.
Hakuuliza rangi. Hakuuliza bei.
"Akishakodolea kitu macho, unamwitaje arudi?"
"Siwezi," nikasema.
"Vizuri. Mlete Jumamosi."

Juni. Basi, kisha kile kijigari kinachoning'inia kwenye waya,
Brin akitetemeka kati ya magoti yangu,
kisha majani, majani mpaka mawinguni,
na vibanda vya mbao vyenye mapaa yaliyoshuka
kama kofia iliyovutwa masikioni.
Nikafungua kamba. Vidole vilichelewa, nakiri.

Hakutoka mbio. Hilo lilinishangaza.
Alisimama. Mwaka mzima sijamwona amesimama.
Mguu mmoja juu, akawasoma wale ng'ombe
kutoka kushoto kwenda kulia.
Halafu akaenda, si kukimbia, kumiminika,
akazunguka mbali kabisa, tumbo likigusa maua ya njano,
kengele zikaanza kusogea pamoja,
na mbwa mzee akainua kichwa, akamwangalia,
akalala tena, kama mtu aliyekabidhi funguo.

Neža alinipa jibini iliyofungwa kwa kitambaa.
Nilimpa bakuli la bati.
Nilingoja Brin ageuke kunitazama.
Hakugeuka. Alikuwa kazini.

Nimerudi. Ngazi sitini na nne, nimepumzika mara mbili.
Hedvika amebisha hodi: kulikoni, mbona kimya,
hawezi kulala.
Nikamkatia jibini, kisu kikaniponyoka,
nikakifuata chini ya sofa, goti likilalamika,
na huko, ukutani kabisa, kiatu cha nne.
Cha Tilen.
Hakina hata alama moja ya jino.