Safu ya Mtekelezaji

Fomu ina safu tano, na mistari yake mifupi.
Saa mbili usiku, kalamu ya buluu, wodi ya wazazi,
kitanda cha nne, kando ya dirisha:
Mwanajaha Famau, miaka kumi na tisa, mtu wa Siyu,
uzazi wa kwanza, mtoto wa kiume.
Tatizo: mtoto hashiki titi sawasawa.
Ushahidi: anakamata ncha tu, anateleza, analia.
Chuchu ya kushoto imechanika.
Mama naye analia, ila kilio chake hakina sauti.

Kilio kisicho na sauti hakina safu.
Nimekiandika pembeni.

Lengo: ndani ya saa ishirini na nne
mtoto atanyonya mara nane au zaidi,
na atasikika akimeza.
Nikacheka peke yangu. Atasikika wapi,
wachanga saba, feni moja inayosaga meno,
na punda wawili ukutani wakidaiana deni la zamani?

Hatua niliandika sita.
Mkono ubebe shingo, usikandamize kisogo.
Tumbo kwa tumbo. Pua ielekee chuchu.
Hayo tulifundishwa chuoni kwa mwanasesere wa plastiki
asiyewahi kuona njaa,
na titi la sufi alilolishona mwalimu mwenyewe,
chuchu yake kifungo cha shati.

Mavyaa alikaa kwenye kiti, kikombe mkononi,
maji na asali.
"Mwana ana ndaa," alisema Bi Barke.
"Na hayo ya mandano si maziwa. Yakamuliwe, yamwawe."
Nikamwambia, "Bibi, hiyo ni dang'a, ndiyo kinga yake ya kwanza.
Tumbo lake leo halizidi kunazi moja."
Hakujibu. Alikitazama kikombe,
kisha akanitazama mimi:
sina pete, sina mtoto, nina beji.

Saa tisa umeme ukakatika.
Jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
Nilikuwa kitanda cha pili, mikono yote miwili
ikimkanda tumbo mama aliyekuwa akivuja damu,
nikasikia gizani sauti ya mtu mzima, ya chini:

"Usimsukume kitwa. Mngoje afungue kanwa.
Afungue haswa. Bado. Bado.
Sasa. Usipeeke ziwa kwa mwana,
eta mwana kwa ziwa."

Kimya.
Kisha kitu kidogo, kh, na tena, kh,
kama mlango unaofungwa kwa adabu.

Nilipofika na tochi ya simu
kikombe kilikuwa dirishani, kimejaa vilevile,
sisimizi mmoja anaogelea juu ya asali.
Bi Barke ameikunja leso yake mara nne,
ameiweka chini ya kiwiko cha yule msichana.
Midomo ya mtoto imepinduka nje, shavu limejaa.
Hakugeuka kunitazama.
"Nimezaa tisa," alisema.
"Wa kwanda nilimpa kikombe."
Nilingoja aendelee. Hakuendelea.
Nikazima tochi.

Asubuhi muuguzi mkuu alipitia faili,
kidole chake kikasimama kwenye safu ya mtekelezaji.
"Hatua ya tatu hadi ya sita. Huyu Barke ni nani?
Cheo gani? Namba yake ya usajili?"
"Ni somo," nikasema.
"Somo la nini?"
Sikupata jibu linaloingia kwenye mstari ule.
Alinitazama kwa muda, akatia sahihi,
akaenda kitanda cha tano.

Matokeo, saa mbili asubuhi:
mtoto amenyonya mara tano. Haja ndogo mara moja.
Mama amelala akiwa amekaa.
Lengo halijatimia. Mpango uendelee.
Chuchu ya kushoto: ipakwe tone la maziwa yake yenyewe,
iachwe wazi, ikauke kwa hewa.