Chupa ya Maji ya Waridi

Nianze na chupa, maana chupa haina kosa.
Niliiosha mwenyewe kwa maji ya moto, mara tatu,
nikaikwangua karatasi yenye picha ya ua
hadi gundi ikaganda chini ya kucha.
Kisha nikamimina humo dawa ya Yadollah,
ile anayopewa zahanati kila Jumamosi,
methadoni, ya kumwachisha afyuni
kama mtoto anavyoachishwa ziwa.

Ilikuja ndani ya chupa ya kahawia
yenye kifuniko kigumu kilichonishinda hata mimi,
na jina lake, kwa herufi nene.
Jina ndilo lililonitisha.
Mama mkwe alikuwa njiani, anakuja kwa mwaka mpya.
Angefungua friji, angesoma,
na kufikia adhuhuri Zarand nzima ingejua
kwamba mgodi haukumvunja mwanawe mgongo tu.

Mficha maradhi, wanasema, kilio humuumbua.
Mimi sikuficha maradhi.
Nilificha dawa.

Terme ana miaka mitatu na miezi miwili.
Anaijua harufu ya waridi kwenye wali wa maziwa,
na chupa, hata ukiiosha mara tatu, haisahau.
Alitandika leso kwenye zulia,
vikombe viwili vya plastiki, kimoja chake,
kimoja cha Golnush, mwanasesere asiye na kiatu cha kushoto.
Karamu ya chai.
Nilimsikia akisema, "Karibu, bibi, usione haya."
Nilikuwa namenya vitunguu.

Saa moja usiku alikuwa amelala.
Mama mkwe akamfunika shali yake:
"Alhamdulillahi, leo kalala bila vita."
Akaanza kukoroma,
mkoromo mzito, wa mzee aliyerudi zamu ya usiku.
Nilicheka.
Andikeni na hilo, kwamba nilicheka.

Kisha kati ya mkoromo na mkoromo
pakawa na nafasi.
Nikahesabu hadi saba. Nikahesabu hadi kumi na moja.
Nikawasha taa: midomo
rangi ya wino.

Hospitalini daktari aliinua kope zake.
Mboni zilikuwa nukta mbili za kalamu.
"Nani nyumbani anatumia nini?"
Nilizitazama ndala za mama mkwe.
"Mama, nakuuliza wewe. Nani, na nini?"
Ulimi wangu ulikuwa jiwe, na mtoto wangu alikuwa anasahau kupumua.

Yadollah, aliyekuwa akiegesha gari, akaingia na mgongo wake uliopinda,
akasema mbele ya mama yake, mbele ya foleni nzima:
"Methadoni. Ni yangu. Mimi ni mraibu."
Neno nililolifungia miezi saba
likatoka kwa pumzi moja,
na dari haikuanguka.

Wakamdunga naloksoni.
Akaamka akilia, akitupa mateke, akitaka juisi.
Nikavaa viatu niende nyumbani.
Daktari akanishika mkono: "Kaa.
Dawa yetu ina miguu mifupi. Ile nyingine ina mirefu."
Kweli, haikupita saa, akazama tena.
Wakamrudishia, wakatundika dripu,
na usiku kucha tone likawa likifukuzana na tone.

Mama mkwe alikuwa akimtekenya nyayo asilale.
Alfajiri akasema, bila kunitazama:
"Baba yake Yadollah, miaka ishirini.
Mimi nilikuwa naiweka kwenye kopo la iliki."
Akaendelea kutekenya.

Siku hizi kuna kisanduku cha chuma juu ya kabati.
Ufunguo nauvaa shingoni, unaniacha alama.
Chupa ni ya kahawia, na jina liko pale pale.
Nilipomfua Golnush, maji yalitoka ya rangi:
nusu ya karamu aliinywa yeye kwa nguo,
na kwa nusu hiyo, alisema daktari, binti yangu yu hai.

Terme anamkausha jua dirishani.
Anauliza, na sijapata jibu:
"Na Golnush, mama, nani alimwamsha?"